Mshale haupandi: maswali yenu kuhusu injini ya lori inayokaa na baridi

Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze huku Nyanda za Juu meseji zenu nyingi ni hizo hizo, gari halipati joto, mshale wa geji ya joto la maji unakaa chini. Nimechukua chache. Wengi mnaogopa injini kuchemsha tu, ya baridi mnaiona salama, na hapo ndipo injini nyingi zinapokufa kabla ya siku zake.

Fundi habari za kazi. Napiga Dar-Tunduma. Morogoro mshale unakaa katikati vizuri ila nikitoka Mafinga kwenda Makambako alfajiri unashuka karibu na chini kabisa, na hita haitoi joto. Nianzie wapi?

Salama kaka. Anza na hozpaipu ya juu, ile inayotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Asubuhi gari likiwa limelala, washa, halafu kila baada ya dakika kadhaa iguse kwa mkono (mkono uwe mbali na feni na mikanda, tafadhali sana). Thamostati (ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto) ikiwa nzima inafunga njia ya rejeta mpaka maji ya injini yafike kwenye 80 na kitu, kwa hiyo hiyo hozi inatakiwa ikae ya baridi muda mrefu halafu ipate moto kwa mkupuo. Ukiona inapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo pamoja na injini basi maji yanapita, yaani thamostati imekwama wazi au haipo kabisa.

Ukiifungua usiitupe kwanza. Chukua sufuria ya maji na kipimajoto, ining'inize kwa waya isiguse chini, weka jikoni. Imegongwa namba, mara nyingi 82 au 88, hizo ni digrii inapoanza kufunguka, na ikipanda kama 10 hadi 15 zaidi inakuwa wazi yote. Kama iko wazi kwenye maji ya baridi hiyo imeshakufa. Na uangalie ile sili ya mpira kwenye nyumba yake, watu wanabadilisha thamostati mpya mara mbili kumbe maji yanapita pembeni ya sili iliyolika. Injini kubwa nyingine zina thamostati mbili au zaidi, badilisha zote kwa pamoja, moja ikibaki mbovu umefanya kazi bure.

Shikamoo fundi. Gereji moja walinitolea thamostati wakasema Afrika kuna joto, haina kazi. Sasa nikiwa mtupu gari lina baridi, nikipanda Kitonga na mzigo linachemsha. Vinakaaje pamoja hivyo?

Marahaba mwanangu. Vinakaa pamoja kabisa, na hili nalisema kila mwaka. Thamostati ya malori mengi ina kazi mbili. Injini ikiwa ya baridi inafunga njia ya rejeta na kuacha wazi njia fupi, maji yanazunguka humo humo ndani ya injini. Ikipata moto inafungua rejeta na wakati huo huo ile sahani yake ya nyuma inaziba njia fupi, ili maji yote yaende kupozwa. Sasa ukiitoa zote mbili zinabaki wazi muda wote. Ukiwa mtupu kuna baridi kwa sababu rejeta inapoza maji hata pasipo haja, ukiwa na mzigo mlimani sehemu ya maji ya moto inakimbilia njia fupi inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na hapo ndipo unachemsha. Kwa hiyo kuitoa hakujatibu kitu, kumekuongezea ugonjwa wa pili.

Na mara nyingi waliitoa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha tangu mwanzo, ni kweli si kweli? Basi rudisha thamostati ya namba inayotakiwa na injini yako, na kama ina kale katundu au kapini ka kutolea hewa kaelekee juu. Halafu tafuta kilichokuwa kinachemsha: rejeta iliyoziba ndani au vumbi kati ya rejeta na intakula (kile kipozaji cha hewa inayoingia kwenye injini), mfuniko usioshika presha, mkanda uliolegea, pampu ya maji. Ukiwa unatumia maji ya bomba tu miaka yote rejeta ndio mshukiwa wa kwanza, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Mimi ni mama mwenye lori la tani 10, silijui sana gari. Dereva anasema halipati joto ila linatembea. Mafuta yanaisha haraka na oili kwenye dipstiki inaongezeka badala ya kupungua. Si afadhali baridi kuliko kuchemsha?

Hapana mama, na hongera kwa kuikagua hiyo oili. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, silinda ikiwa ya baridi mafuta mengine hayaungui yote, mengine yanatoka kama moshi mweupe unaowasha macho na mengine yanateremka ukutani mwa silinda yanapita ringi yanaingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, beringi zinakosa ulinzi. Halafu mvuke wa maji unaotokana na mwako unageuka matone ndani ya injini ya baridi, yakikutana na salfa ya mafuta inatengenezwa asidi inayokula laina na ringi. Hiyo haitoi mvuke barabarani mtu akaiona, inaua kimya kimya.

Fungua mfuniko wa oili uangalie. Ukinusa dizeli, mwaga oili yote na filta, tengeneza thamostati, halafu wakague nozo na pampu ya dizeli maana nazo zinaweza kuvujisha mafuta kwenye oili. Ukikuta utando kama maziwa yaliyoganda unaweza kuwa ni unyevu tu wa injini isiyopata moto, ila kama na maji ya rejeta yanapungua gari lisitembee, hapo gasketi ya hedi ipimwe kwanza.

Naweka katoni mbele ya rejeta nikiwa Njombe. Ni sawa?

Kwa usiku mmoja wa kufika nyumbani naelewa. Kila siku hapana, unaziba na intakula, na ukisahau kuitoa ukifika mlimani unachemsha. Tatizo liko kwenye thamostati.

Fundi, nitajuaje kama ni geji inadanganya?

Swali zuri sana hili. Kwanza maji, injini ikiwa imepoa kabisa fungua uangalie yamejaa. Maji yakipungua sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kulala chini huku injini inaungua, na dereva anafurahi kwamba leo gari limepoa. Maji yakiwa sawa, pima kwa kile kipimajoto cha mwanga kwenye nyumba ya thamostati, linganisha na geji. Kwa malori ya zamani yenye sensa ya waya mmoja, chomoa waya uguse bodi sekunde moja swichi ikiwa on, mshale ukipaa mpaka juu geji na waya ni wazima, sensa ndio mbovu. Gari lenye kompyuta usifanye hivyo, weka mashine ya daignosisi usome joto la maji, kwa malori mengi kwenye mashine kipimo hicho kina namba SPN 110.

Feni yangu wameifunga moja kwa moja, inazunguka muda wote. Ndio inaleta baridi?

Inachangia na inakula mafuta, ila thamostati ikifunga vizuri feni peke yake haishushi joto hivyo. Anza na thamostati, halafu urudishe klachi ya feni, ile inayoifanya izunguke kwa nguvu pale tu joto linapohitaji.

Nikishuka Kitonga mshale unashuka kidogo, nikifika chini unarudi. Nibadilishe kitu?

Usibadilishe. Mteremkoni ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta injini haichomi dizeli, lazima ipoe kidogo. Ukiona imeshuka sana na inachukua kilomita nyingi kurudi, ndio ukashike ile hozpaipu ya juu kesho yake asubuhi.