Meli ya vita ya mbao? Ndiyo
Kaka uliyeuliza kwa nini Marekani na ubavu wote ule walijenga meli za vita za mbao miaka ya 1980, zile ni za kutegua mabomu ya baharini, na mbao imevishwa faiba kama boti zetu hapa Mikindani. Sababu ni sumaku bwana. Bomu lenyewe halisubiri kugongwa, linalala zake chini kwenye tope linasikilizia, chuma kikubwa kikipita juu linalipuka, we sogeza panga karibu na dira ya mashua uone sindano inavyohama ndo utaelewa. Mjerumani aliyatupa Uingereza 1939, Novemba Waingereza wakaokota moja zima pwani yao ya Shoeburyness wakalifungua, wakaanza kuzungushia meli nyaya za umeme kupunguza sumaku. Yale mabomu ya pembe yanayolipuka yakigongwa, yanayoelea yakiwa yamefungwa kwa waya chini, afadhali, unakata waya wake linaibuka unalipiga risasi.