Bima ya afya: nani amlipie nani?

SWALI: Mshahara wangu ni shilingi 100,000 kwa mwezi. NHIF, bima ya afya ya zamani hapa Kenya, ilinikata 1,700; sasa SHA, iliyochukua nafasi yake, inanikata 2,750. Haki iko wapi? – Karani, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, makato yamekuuma na sikulaumu. Ila tazama hesabu ya zamani. Aliyelipwa 20,000 alikatwa 750, karibu shilingi nne katika kila mia. Aliyelipwa 500,000 alikatwa 1,700 kama wewe, hata nusu shilingi katika mia haikufika. Yaani mnyonge ndiye aliyebanwa zaidi. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, bila kikomo. Wa 20,000 sasa hulipa 550, na wa 500,000 hulipa 13,750. Hapo haki ipo. Ninachokipinga ni mwajiri kuachwa bila kuchangia hata senti. Kwenye NHIF ya Tanzania mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3, na mwajiri huongeza 3. Ujerumani nao hugawana nusu kwa nusu.

SWALI: Mimi siumwi. Kwa nini nilipe? – Kijana, Thika

JIBU: Kwa sababu anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki hawezi kulipiwa na wagonjwa wenzake.

SWALI: Nauza mboga, napata cha siku. Naambiwa nilipe mwaka mzima kwa mpigo. Nitazitoa wapi? – Mama mboga, Kongowea

JIBU: Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote. Asiye na mshahara huulizwa hali ya nyumba na mali yake, kisha hupangiwa mchango usiopungua 300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600 kwa uchache, kabla hujaugua. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kukopeshwa mchango na kuurudisha kidogo kidogo, unapunguza makali, lakini deni bado ni lako.

Thailand, tangu 2002, wasio na ajira rasmi hulipiwa kutoka kodi ya taifa. Hakuna anayefuatwa sokoni kudaiwa mchango. Ghana hutoza asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma nyingi kwa ajili ya bima, na watoto, wajawazito na wazee wa miaka 70 kwenda juu hawalipi mchango wa kila mwaka. Mimi ningechagua njia ya Thailand, kwa kuwa tozo ya dukani humkuta hata asiye na kitu. Bunge ndilo linalogawa bajeti, basi mbunge wako aulizwe kwa nini wewe hulipiwi.