Tope la mikokoni linasomwaje?

Ndugu yangu, umeuliza tope la mikokoni pale Unguja Ukuu linaonyeshaje bahari ilifika wapi zamani. Jibu limo kwenye chavua, yaani ule unga wa maua unaonaswa topeni. Bomba huzamishwa, tope likatoka na tabaka zake kama zilivyolala. La chini ndilo la kale, na umri hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole kadiri miaka inavyopita. Chavua ya mkoko ikizidi, maji yalikuwa yakifika kila mara; ikizidi ya nyasi na miti ya nchi kavu, bahari ilikuwa imerudi nyuma.

Na ilirudi kweli! Miaka 20,000 hivi iliyopita ilishuka kama mita 120, Unguja ikaungana na Mrima, yaani pwani ya bara (Pemba hapana, mkondo wake una kina kirefu mno). Ndiyo maana pango la Kuumbi, kule Jambiani, lilitoa mifupa ya pundamilia: walifika kwa miguu kutoka bara.