Kabla ya kununua dawa za mafuriko

Ndugu, nimekuelewa: mtaa wenu hufurika, barabara hukatika, na kikundi kimechanga pesa ila hamjui mnunue dawa zipi. Mimi ningesema dawa zisubiri kidogo. Anzeni na orodha ya watu: nani anakaribia kujifungua, nani anatumia insulini, dawa za presha, kifafa au ARV (dawa za VVU), nani hawezi kutembea. Kila mwenye ugonjwa wa kudumu aweke akiba ya dawa zake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari, ndani ya mfuko usioingiza maji. Orodha ishikwe na watu wawili wanaoaminika. Siri za wagonjwa si za kubandikwa ukutani.

Maji yakishapungua, adui mkubwa ni kuhara. Hapo ndipo pesa ziende: pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeharisha), vidonge vya kutibu maji, sabuni. ORS ikiisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa juu, visijae kilima, kisha changanya. Chumvi isizidi, hasa kwa watoto.

Kwa majeraha, glavu na bandeji. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kutazama. Antibayotiki msigawiane wenyewe kabisa.

Mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, au mtu yeyote anayeharisha majimaji kama maji yaliyooshewa mchele: kituo cha afya mara moja, huku mkiendelea kumpa ORS njiani kama anaweza kumeza. Kwa hiyo mwenye mtumbwi naye ajulikane mapema, na mkubaliane naye kabla mvua hazijaanza.