Sakafu Ndiyo Mwenyeji

Umoja, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu. Nashukuru Mungu mmeipata ile fleti ya South B. Unasema sebule ina sakafu ya terazo ya zamani, ile saruji yenye chembe za marumaru iliyosagwa ikang'aa, na baba watoto anataka mwifunike kwa vigae vya kijivu kabla hamjahamia, kisha kuta nazo zifuate kijivu. Halafu unaniuliza: "Mama, nipake ukuta rangi gani iende na vile viti viwili vya baba?"

La ukuta nitalifikia. Kwanza niambie, hiyo sakafu imewakosea nini?

Unajua neno langu: sakafu ndiyo mwenyeji. Ukuta, pazia, kochi, hata kabati la vyombo, vyote ni wageni. Miaka yote niliyoshona pazia pale kibandani, mteja akinitandikia kitambaa mezani nilimuuliza kwanza, "Sakafu yako ni rangi gani?" Wengi walinitazama kana kwamba sijawasikia. Walikuwa wamekuja na ukuta kichwani, kama wewe.

Ile nyekundu yetu unaikumbuka, ulijifunzia kutembea juu yake. Baba yenu aliichanganya mwenyewe, unga mwekundu ndani ya saruji ya juu, akailainisha kwa mwiko wa chuma hadi usiku wa manane, kwa kuwa saruji haimngoji mtu. Jumamosi tunaipaka polishi, kisha mdogo wenu anaketi juu ya blanketi kuukuu nanyi mnamvuta huku na huku mpaka sakafu ing'ae. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni saa nne asubuhi, jua likiingia mlangoni. Ukuta ulikuwa krimu, ila futi mbili za chini, pale wekundu wa sakafu uliporudi ukutani, zilikuwa zimeiva kama embe upande unaopigwa na jua. Pazia zangu zilikuwa rangi ya chungu cha udongo, ile ya KICC, jengo refu la mikutano pale mjini Nairobi. Na vile viti sita vya mvule baba yenu alivyochongesha Gikomba, vilivyokuja nyumbani na umanjano wa ubao mpya, vilikuwa vimeanza kukolea kahawia, kama mvule unavyokolea kadiri miaka inavyokwenda. Hakuna aliyekaa chini akavipanga. Vilizoeana tu.

Sasa lile jambo la 2001. Nyinyi hulisimulia kama kisa cha vigae, lakini kwangu mimi si vigae.

Posa ya dada yenu ilikuwa imekaribia. Jirani mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba sakafu nyekundu ni ya nyumba za kupanga, wakwe wataonaje. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Zamu yangu ya kupokea mchango wa chama chetu cha akina mama ilikuwa imefika, baba yenu yuko Kisumu kikazi, nikachukua zile pesa zote nikanunua vigae vyeupe vinavyong'aa. Fundi alimaliza kwa siku tatu. Baba yenu akarudi siku ya nne, saa moja jioni, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Akauliza, "Sakafu yangu iko wapi?" Kisha akaingia jikoni akajitengenezea chai. Hakulisema tena mpaka leo. Angenigombeza ningepona haraka.

Na hapo ndipo nyumba ilipoanza kuniponyoka. Krimu ya ukuta, iliyokuwa na joto juu ya nyekundu, juu ya weupe ule ilionekana kama ukuta ambao haujaoshwa tangu uhuru. Nikapaka mweupe, na nikaupata mweupe wenye buluu ndani yake, kwa sababu niliuchagua dukani chini ya zile taa ndefu. Sebule ikawa kama zahanati. Pazia za rangi ya chungu zikawa zinapiga kelele peke yake, nikazitoa. Viti vikaonekana vizito, vyeusi, kama vya kuazima. Nikauza vinne. Niliuza vinne, mwanangu, na kila nikipita kwa yule aliyevinunua navitazama mlangoni. Viwili baba yenu alivibeba kazini kwake, akasema anahitaji mahali pa kukaa. Hivyo ndivyo vyako.

Wazee walipokuja, mmoja aliweka mkongojo wake chini, nikasikia kigae kikiitika ko, ko, kitupu. Fundi alikuwa amevibandika juu ya polishi bila kuichokora sakafu, na saruji haishiki juu ya nta. Desemba ile ile safu ya mlangoni ilinyanyuka kama hema. Nilipovitoa vipande nikapiga magoti, nikaipangusa vumbi kwa kiganja. Ilikuwa pale pale chini, nyekundu, inang'aa.

Lakini ngoja, nisiwe mdhalimu. Kosa la kunyanyuka si la vigae. Fundi angechokora, vingeshika mpaka leo. Na ile nyekundu, nani aliisugua? Mimi na nyinyi. Soksi zenu za shule hazikuwahi kuwa nyeupe, na magoti yangu yananidai mpaka sasa. Kigae unapitisha kitambaa mara moja ukaenda zako kazini. Wewe una mtoto mchanga na kazi ya mbali. Mume wako hajakosea akifikiria hilo, na umwambie nimesema hivyo. Terazo nayo si malaika: ikiachwa bila kulindwa hunywa mafuta na chai, na yenu mnasema ina nyufa. Nyufa huzibwa, kisha fundi mwenye mashine huisaga upya ikarudi kung'aa. Tope litakuwa jingi siku hizo mbili tatu, msihamie kwanza. Sasa naona nimeanza kuitetea tena.

Haya, ukuta.

Piga magoti pale sebuleni mchana, na karatasi nyeupe mkononi. Iweke juu ya terazo uone. Zile chembe za marumaru si rangi moja: utapata za maziwa, za kahawia, nyeusi, pengine na moja moja nyekundu. Karatasi itakuonyesha kama zile unazodhani ni nyeupe zina umanjano au zina buluu. Ukuta uifuate ile chembe iliyo nyepesi kuliko zote, na mito ya viti iifuate iliyokolea. Fundi aliyeimwaga sakafu hiyo alishakuchagulia rangi nne au tano zinazopatana. Mkiifunika, mtakuwa mmetupa hizo, na mtaanza kutafuta upya kwenye kadi za dukani.

Halafu dirisha. Ulisema linatazama kusini. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, dirisha lenu halitaliona. Ongeza mawingu ya Julai yetu unayoyajua, sakafu ya kijivu, ukuta wa kijivu. Kijivu chenye buluu kikikaa nyuma ya mvule pia hukifanya kiti kionekane cha rangi ya machungwa, na mtadhani kiti ndicho kibaya. Mimi nilidhani hivyo hivyo, nikauza vinne.

Msinunue ndoo ya lita 20. Nunueni makopo madogo mawili matatu, mpake kwenye maboksi yaliyokunjuliwa, mapana kama mlango wa kabati, mrudie mara ya pili, yakauke kabisa. Rangi ya maji ikikauka hukolea, na ukuta mzima hukolea kuliko kadi. Yasimamisheni nyuma ya viti, myatazame saa nne asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa ikiwaka. Na kwenye taa someni boksi la balbu: ikiandikwa kelvini 6500 ni mwanga mweupe wa hospitali, 2700 au 3000 ni ule wa manjano. Balbu moja inaweza kuiharibu rangi mliyoichagua mwezi mzima. Kama kuna mahali palipopigwa plasta mpya, paacheni mwezi pakauke kwanza, la sivyo rangi itatoka malengelenge.

Rangi yenyewe sitaitaja. Ninayo kichwani, na kabla hujamaliza kusoma swali lako nilikuwa ninayo, lakini nyumba ni yenu wawili. Sitaki aingie kila jioni kwenye ukuta wa mama mkwe. Na vigae vilevile, sitasema msiweke. Nimeshaandika nusu ya barua bila kusema.

Nimemuuliza baba yenu usiku huu. Akasema, "Mwache achague." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama kile kiti cha kushoto bado kinayumba mguu wa nyuma.

Jumamosi nakuja. Kwenye sanduku nimepata kipande cha lile pazia la rangi ya chungu, kama mita moja na nusu, halijapauka katikati. Nitalileta tulitandike kwenye terazo karibu na viti, tutazame tu. Fundi wa vigae asianze kabla ya hapo.

Mama yako