Jibu: Kwa nini Charles haonyeshi huzuni katika filamu ya Bresson

Salaam, ndugu mwanajukwaa. Umeuliza kwa nini kijana Charles, katika filamu Le Diable probablement ya mwongozaji Mfaransa Robert Bresson (1977), anayataka mauti ilhali uso wake hauonyeshi huzuni yoyote, na kama huo ni uigizaji mbovu. Nami nilikwama papo hapo nilipoitazama mara ya kwanza.

Kwanza kumbuka kwamba Bresson aliwatumia watu wasio waigizaji wa kazi, akawataka wayatamke maneno bila kuyatilia hisia. Kwa hiyo usiutafute uchungu usoni, utafute katika sauti na mikono. Rudia pale miti mikubwa inapoangushwa: Charles anaziba masikio kwa viganja vyake, kwani kila mti unaoanguka unamchoma kuliko maneno yote anayoambiwa na wanasiasa, watu wa kanisa na daktari wa nafsi.

Kifo chake katika makaburi ya Père-Lachaise, jijini Paris, kimetangazwa na magazeti tangu mwanzo wa filamu, hivyo swali linalobaki si kitatokea nini, bali ni kwa nini hakuna aliyeweza kumzuia. Risasi inamkatiza kabla hajamaliza sentensi, na mimi hapo ndipo nilipoipata huzuni unayoitafuta.