Neno Moja Lililoniangusha: Kwa Anayetaka Kutafsiri Mikataba ya Kimarekani kwa Kijapani

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma Kijapani aliniandikia akiniuliza anunue kamusi gani ya sheria, kwa kuwa anataka, kama mimi, kuwa mfasiri wa mikataba kati ya Kiingereza na Kijapani. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimekitonesha kidonda nilichodhani kimekwisha kupona.

Nilipojiunga na darasa la jioni la tafsiri ya sheria hapa Tokyo, nilikuwa nimeishi Japani miaka saba na nilikuwa na cheti cha daraja la juu kabisa la mtihani wa Kijapani kwa wageni, jambo nililolitaja hata pasipo kuulizwa. Katika jaribio la kwanza tulipewa aya ya ufunguzi ya mkataba wa mauzo wa Kimarekani, yenye maneno "in consideration of". Bila kusita nikaandika kōryo shite, yaani "kwa kuzingatia". Mwalimu aliisoma sentensi yangu mbele ya darasa zima, taratibu, kisha akauliza: "Wanazingatia nini?" Wenzangu, wote Wajapani, wakacheka kwa adabu, na kicheko cha adabu kinauma kuliko cha wazi.

Katika sheria ya mikataba ya Marekani, neno lile halina habari na kuzingatia. Ni kile ambacho kila upande unakitoa, au unajinyima, ili kuipata ahadi ya mwenzake. Na ahadi isiyo na kitu upande wa pili, kwa kawaida mahakama haimlazimishi mtu kuitimiza. Minpō, sheria kuu ya madai ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1898, haina sharti hilo: makubaliano yanatosha, na hata zawadi ni mkataba, ingawa zawadi isiyoandikwa inaweza kufutwa kabla haijakabidhiwa. Wanasheria wa Kijapani hutumia neno yakuin kuitaja dhana hiyo ya kigeni, neno ambalo muuza samaki wa mtaani kwangu hajapata kulisikia. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba sheria ya mikataba ya kwetu Tanzania, tuliyoipata kwa Waingereza kupitia India, ina sharti lilelile. Nilikwenda kuaibika ugenini kwa jambo lililokuwa nyumbani.

Kwa hiyo, binti yangu, kabla ya kamusi, soma kesi. Mimi nilianza na Hamer dhidi ya Sidway, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya New York mwaka 1891. Ami mmoja alimwahidi mtoto wa nduguye dola 5,000 iwapo angeacha pombe, tumbaku, matusi, na kucheza karata au biliadi kwa fedha mpaka atimize miaka 21. Kijana alitimiza sharti, lakini ami akafariki kabla ya kulipa, na msimamizi wa mirathi akakataa akidai kwamba aliyefaidika na tabia njema ni kijana mwenyewe. Mahakama ikasema kwamba kujinyima jambo ambalo sheria inakuruhusu kulifanya kunatosha. Niliisoma hukumu ile ndani ya treni ya mwisho, nikapitiliza kituo changu, na tangu usiku huo sijakosea tena neno lile.

Kuhusu kamusi yenyewe, angalia mwaka wa kuchapishwa. Tarehe 1 Aprili 2020 marekebisho makubwa ya Minpō yalianza kutumika, na neno kashi, yaani kasoro ya kitu kilichouzwa, likaipisha dhana ya kutolingana na mkataba. Kamusi niliyoinunua kwa bei ya kuumiza ilikuwa imechapishwa kabla ya hapo. Jihadhari pia na hoshō: ukiisikia ni neno moja, lakini kwa maandishi ni maneno matatu, la dhamana, la ulinzi na la fidia, na kompyuta yangu hunipendekezea lile la dhamana hata pale ambapo mkataba unazungumzia fidia.

Zaidi ya hayo, soma kesi, kisha usome nyingine. Sisi tuliosifiwa tangu shuleni kwa ufasaha wa lugha tuna kiburi cha kudhani kwamba anayejua maneno amekwisha kujua mambo, na kiburi hicho hakitibiwi na cheti, hasa kile tunachokitundika ukutani ili wageni wakione.

Mwezi huu nimerudishiwa mtihani wa mwisho wa muhula. Nimeshika nafasi ya pili darasani, na sitajifanya kwamba sifurahi. Aya ya ufunguzi ilipita bila doa. Duara jekundu lilikuwa moja tu, ukurasa wa tatu, kwenye hoshō ya fidia niliyokuwa nimeiandika kwa herufi za dhamana.